Damu Inashuhudia Nini?

Katika maabara ya kituo cha afya, mtaalamu huchukua tone moja la majimaji ya damu, akalitandaza ndani ya duara jeupe lililochorwa kwenye kadi, kisha akalidondoshea dawa yenye chembe nyeusi za mkaa. Kadi huwekwa juu ya mashine inayoizungusha mara 100 kwa dakika, kwa muda wa dakika 8. Ikitolewa, mtaalamu huiinamia chini ya taa. Chembe zikibaki zimetawanyika kijivujivu, jibu ni hasi. Zikijikusanya mabonge madogo meusi, mama mjamzito aliyekaa kwenye benchi nje ataambiwa ana kaswende, na kwamba aje na mwenzake.

Kipimo hicho kinaitwa RPR. Wengi wanaopimwa hawajui kwamba hakimtafuti mdudu wa kaswende hata kidogo. Ndani ya ile dawa mna kadiolipini, mafuta yanayochujwa kwenye moyo wa ng'ombe, na mafuta ya namna hiyohiyo yamo katika seli za kila binadamu. Mwili uliojeruhiwa na kaswende hutengeneza kingamwili dhidi ya mafuta hayo, na kingamwili hizo ndizo zinazokusanya mkaa. Kwa hiyo kadi haisemi kwamba mdudu ameonekana. Inasema mwili huu umesumbuliwa na kitu, na kitu hicho aghalabu huwa ni kaswende. Malaria inaweza kuleta jibu hilohilo. Ukoma pia. Ugonjwa wa lupus pia, na mara nyingine ujauzito wenyewe.

Sasa wanasayansi wanatafuta ishara nyingine za mwili, ndogo zaidi na, wanavyotumaini, sahihi zaidi. Zinaitwa maikroRNA. Kabla hazijafika kwenye vituo vya afya, lipo swali ambalo maabara haiwezi kulijibu, na ambalo mashehe, mapadri na wanafalsafa walihangaika nalo kabla hadubini haijabuniwa: mwili wa mtu ukitoa ishara, ishara hiyo inashuhudia nini, na nani ana haki ya kumhukumu mtu kwayo?

Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliokuwa wakichunguza mnyoo mwenye urefu wa milimita moja, walichapisha habari za kipande kifupi mno cha RNA, chenye herufi 22 hivi za kinasaba, ambacho hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kunyamazisha. Seli ikitoa ujumbe wa kutengeneza protini fulani, maikroRNA hujipachika kwenye ujumbe huo, nao ukazuiwa au ukaharibiwa. Kwa miaka kadhaa wengi walidhani ni kioja cha mnyoo yule tu. Mwaka 2000 kundi la Ruvkun likaonyesha kwamba maikroRNA nyingine, iitwayo let-7, imo katika wanyama wa aina nyingi, binadamu akiwemo. Leo jeni za maikroRNA zinazojulikana kwa binadamu zimepita 1,000, na Oktoba 2024 wawili hao walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kilichowavutia watafiti wa maradhi ni jambo jingine. RNA ya kawaida ikiwa ndani ya damu huliwa na vimeng'enya mara moja. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba maikroRNA hudumu; husafiri ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli au zikiwa zimeshikamana na protini. Zimo katika damu, mate, mkojo, hata maziwa ya mama. Na seli inapovamiwa na bakteria, mchanganyiko wa maikroRNA zake hubadilika. Hapo ndipo likazaliwa wazo la kuzisoma kama dalili.

Haja ya dalili bora ni kubwa, na hilo lisemwe wazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake watu wazima wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia, milioni 82 ya kisonono na milioni 7.1 ya kaswende. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi lolote. Kipimo cha vinasaba vya kijidudu kinaweza kueleza kwamba kijidudu kipo. Hakiwezi kueleza ni mwanamke yupi ambaye mirija yake ya uzazi itaingia makovu na kuziba, na yupi atakayepona salama. Mwanamke aliyekaa miaka saba katika ndoa bila mtoto, akiitwa tasa na mawifi zake, huenda aliugua ugonjwa ambao hakuna aliyeuona ukija wala ukiondoka.

Kaswende nayo ina mafumbo yake. Vipimo vinavyotafuta kingamwili za mdudu wenyewe kwa kawaida hubaki chanya maisha yote hata kwa mtu aliyepona. Wapo waliotibiwa sawasawa ambao RPR yao hushuka kidogo kisha ikagoma kuisha, na daktari habaini kama ugonjwa bado umo. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa akiwa na kingamwili zilizopita kwenye kondo kutoka kwa mama yake, ilhali yeye mwenyewe hajaambukizwa: damu ya mtoto, habari za mama. Katika sehemu kama hizi ndimo watafiti wanamotumaini kwamba maikroRNA, ambazo hupanda na kushuka kadiri hali ya mwili inavyobadilika, zitatenganisha ugonjwa uliopo na ule uliokwisha. Nchini China tayari wamelinganisha maikroRNA za wagonjwa wa kaswende ambao RPR yao iligoma kushuka na za wale waliopona bila shaka.

Kuhusu klamidia, baadhi ya kazi za mwanzo hazikufanywa kwenye via vya uzazi bali kwenye jicho. Trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, huletwa na bakteria ileile, *Chlamydia trachomatis*, ingawa ni ya koo tofauti. Mwaka 2013 watafiti waliochukua sampuli kutoka kwenye kope za watu wa Gambia walikuta maikroRNA mbili, miR-1285 na miR-147b, zimepanda kwa wale wenye makovu yenye uvimbe. Mwaka 2016 kukawa na taarifa kutoka Guinea-Bissau: kadiri uvimbe wa jicho ulivyozidi, miR-155 ilipanda na miR-184 ikashuka.

Tatizo ni kwamba miR-155 hupanda pia kwa mtu mwenye baridi yabisi ya viungo. Hupanda kwenye tumbo lenye bakteria wa vidonda, na katika baadhi ya saratani za damu. Ni sauti ya kinga ya mwili ikiwa kazini, popote pale. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayasemi mvua imetoka bahari gani. Watafiti wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanatafuta makundi ya maikroRNA nyingi kwa pamoja badala ya moja, na ndiyo maana vipimo hivi bado viko kwenye maabara za utafiti.

Udhaifu huu ambao mtaalamu wa takwimu anauona kama kikwazo cha kiufundi una uzito wa kimaadili pia. MaikroRNA hizi ni za mgonjwa mwenyewe. Si mali ya bakteria. Zinaeleza namna mwili unavyopigana, unavyovimba, unavyojishona. Kutoka hapo hadi kwenye jambo ambalo mume, mama mkwe au kiongozi wa dini anataka kulijua, yaani mtu huyu alifanya nini, lini na nani, kuna umbali ambao hakuna kipimo kinachoweza kuuvuka. Na kila mara watu walipojaribu kuuvuka, waliumiza wasio na hatia.

Uganda ina kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1908 Kanali F. J. Lambkin wa idara ya tiba ya jeshi la Uingereza alitoa taarifa zake kuhusu kaswende katika himaya hiyo. Alidai kwamba Waganda asilimia 80 walikuwa nayo, na Ankole hali ilikuwa mbaya zaidi. Sababu zake zilikuwa za kimaadili: Ukristo umevunja utaratibu wa zamani uliowafungia wanawake, adhabu kali za machifu zimeondolewa, na wanawake sasa wanatembea watakavyo. Taifa zima likawekwa kizimbani kwa vidonda vya ngozi. Sheria zikatungwa, watu wakapimwa kwa lazima, na mwaka 1913 Mulago ikaanza kama kituo cha tiba ya magonjwa hayo.

Madaktari na wanahistoria waliorudia taarifa hizo baadaye, miongoni mwao J. N. P. Davies katika miaka ya 1950, walifika mahali pengine kabisa. Sehemu kubwa ya kile Lambkin alichokihesabu yaelekea haikuwa kaswende ya ngono. Ilikuwa buba, au kaswende ya kienyeji inayoambukizwa watoto kwa kugusana ngozi na kunywea chombo kimoja. Mdudu wa buba na wa kaswende ni ndugu wa karibu kiasi kwamba kipimo cha damu hakiwatenganishi hadi leo. Mtoto wa miaka sita aliyecheza na wenzake vumbini alibeba utu uzimani mwake damu ambayo mkoloni aliisoma kama kumbukumbu ya uzinzi.

Mtu aliyeeleza vizuri kuliko wote namna kosa la aina hii linavyozaliwa alikuwa daktari wa maabara. Ludwik Fleck, Myahudi wa mji wa Lwów uliokuwa Poland, alichapisha mwaka 1935 kitabu kuhusu jinsi ukweli wa kisayansi unavyoibuka na kukua, na mfano aliouchagua ulikuwa kaswende na kipimo cha August von Wassermann cha mwaka 1906, mzazi wa RPR ya leo. Fleck alionyesha kwamba kwa karne nyingi kabla ya maabara, Ulaya ilikuwa imeshaamini mambo mawili kuhusu ugonjwa huu: kwamba ni adhabu ya tamaa ya mwili, na kwamba damu ya mgonjwa imeharibika. Imani hiyo ya pili ndiyo iliyowasukuma wanasayansi kuing'ang'ania damu. Majaribio ya kwanza ya Wassermann yaliwatambua wagonjwa wachache tu, asilimia 15 hadi 20. Mtu asiye na imani angeacha. Wao hawakuacha, wakarekebisha hapa na pale, wengi wakisaidiana, hadi kipimo kikafika asilimia 70 na hata 90.

Fleck hakusema kipimo ni cha uongo; yeye mwenyewe aliishi kwa kazi ya aina hiyo. Alichosema ni kigumu zaidi: kwamba jamii ya watu wanaofikiri pamoja huona kile ilichofundishwa kukiona, na kwamba hata jambo la kweli linaweza kufikiwa kwa njia iliyojaa dhana zisizo za kweli. Alijua pia, kwa mwili wake, maana ya kuhukumiwa kwa damu. Wanazi walimfunga Auschwitz, kisha Buchenwald. Alinusurika, akafa Israeli mwaka 1961.

Mmoja wa wenzake Wassermann katika kazi ya 1906 alikuwa Albert Neisser, mgunduzi wa bakteria wa kisonono. Mwaka 1892, akitafuta chanjo, Neisser aliwadunga wanawake, baadhi yao makahaba vijana sana, majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila ridhaa yao. Baadhi wakaugua kaswende. Alipoulizwa, alijibu kwamba ugonjwa wao umetokana na kazi yao ya ukahaba. Baadaye alitozwa faini, na mwaka 1900 serikali ya Prussia ikatoa moja ya amri za kwanza duniani za kudai ridhaa ya mgonjwa. Inafaa kukaa na kisa hicho kidogo. Mkono ulioshika sindano ulijificha nyuma ya sifa mbaya ya aliyedungwa, na maelezo yale yalionekana ya busara kwa wengi kwa sababu walikuwa tayari kuyaamini. Kule Tuskegee, Alabama, nchini Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya" wakaachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilikuwapo tangu miaka ya 1940.

Linganisha na Kongwa, mkoani Dodoma, ambako tafiti kubwa za trakoma zimefanywa tangu miaka ya 1980. Mtoto amebebwa mgongoni, nzi wametua kwenye pembe ya jicho lake, mama anamfuta kwa ncha ya kanga ileile aliyomfutia mdogo wake. Bakteria imehama. Miaka thelathini baadaye upande wa ndani wa kope unakunjamana, nywele za kope zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume kwa sababu ndio wanaolea, na kila mtoto humwambukiza upya mlezi wake. Hakuna anayemwita mwanamke aliyepofuka hivyo mwenye dhambi. Wajukuu humshika mkono hadi kisimani.

Bakteria ya ukoo wa pili ikiingia kwenye mlango wa kizazi, inafanya kazi ileile: inajificha ndani ya seli, inachokoza uvimbe, uvimbe unaacha kovu. Dawa iliyogawiwa Kongwa, azithromaisini, ndiyo iliyotumika pia kwa miaka mingi kutibu klamidia ya uzazi. Na watafiti wa maikroRNA wanatazamia kujifunza kuhusu mirija ya uzazi kutokana na kope. Kwa mwili, hizi ni habari mbili zinazofanana. Kwa jirani, moja ni msiba na nyingine ni aibu. Tofauti hiyo yote imewekwa na watu.

Msomaji mwenye kufikiri atapinga hapa, na ana haki. Atasema kisonono hakienezwi na nzi. Mtu mzima mwenye kisonono amekipata kwa tendo la ngono, kwa hiyo ishara inashuhudia tendo. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini tendo la nani? Mke aliyekaa na mume mmoja tangu usiku wa arusi anaweza kuambukizwa kitandani kwake mwenyewe. Yeye ndiye anayekwenda kliniki ya wajawazito, yeye ndiye anayepimwa, jina lake ndilo linaloingia kwenye daftari kwanza. Anarudi nyumbani na habari, na aliyeleta habari anageuzwa kuwa mtuhumiwa. Kuna waliofukuzwa kwa kadi ile yenye mabonge meusi, na waume zao hawakuwahi kukanyaga maabara.

Kuna pia hesabu isiyokwepeka. Tuchukue wanawake 1,000, na katika hao 20 wana maambukizi. Tuwape kipimo kizuri, kinachowapata wagonjwa 95 katika kila 100 na kuwaachilia wazima 95 katika kila 100. Wagonjwa 19 watagunduliwa. Wazima ni 980, na asilimia 5 yao, yaani 49, wataambiwa wana ugonjwa ambao hawana. Walioitwa wagonjwa watakuwa 68, na 49 kati yao wamesingiziwa na hesabu. Kwa daktari hilo si janga. Atarudia kipimo kwa njia nyingine, au atatoa dawa isiyo na madhara makubwa. Kwa anayetaka kuhukumu ndoa, ni janga.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria za dini, ambazo watu huzitumia kutia aibu, zilikuwa na tahadhari hii karne nyingi kabla ya takwimu. Ili kuthibitisha zinaa, Uislamu unadai mashahidi wanne walioona tendo lenyewe, na Surat an-Nur inamwekea anayetuhumu bila mashahidi hao viboko 80. Mafakihi wakaongeza kanuni kwamba shubuha yoyote huondoa adhabu. Sahaba mmoja, Ma'iz, alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso, tena na tena, akimpa nafasi ya kuondoka. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hata mimba ya mwanamke asiye na mume haitoshi kuwa ushahidi wa zinaa. Fikiria uzito wa hukumu hiyo. Mimba ni ishara ambayo hakuna maikroRNA itakayoifikia kwa uwazi, na bado mafakihi walisema: huenda alilazimishwa, huenda kuna jambo tusilolijua.

Madhehebu ya Maliki, yaliyoenea Nigeria ya kaskazini, yalikuwa makali zaidi kwenye jambo hilo, na mwaka 2002 mahakama ya Bakori, jimbo la Katsina, ilimhukumu Amina Lawal kupigwa mawe kwa sababu alizaa bila mume na ikasemekana amekiri. Septemba 2003 mahakama ya rufaa ya sharia ikafuta hukumu hiyo. Miongoni mwa hoja za mawakili wake ilikuwamo rai ya zamani ya mafakihi kwamba mimba yaweza kulala tumboni miaka kadhaa. Daktari wa leo ataikataa rai hiyo kama elimu ya mwili. Lakini ikitazamwa kama elimu ya ushahidi, ni mlango uliojengwa makusudi ili mtu apate pa kutokea.

Kisa kizuri kuliko vyote kimepokewa na Bukhari na Muslim. Bedui mmoja alimjia Mtume akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, akidokeza kuwa si wake. Mtume akamuuliza kuhusu ngamia wake na rangi zao. Wekundu, akasema. Je, hakuna wa kijivu kati yao? Wapo. Wametoka wapi? Bedui akajibu kuwa labda ni asili ya zamani iliyowavuta. Basi labda mwanao naye ni hivyo, akaambiwa. Mtu alileta mwili kama shahidi, akarudishwa na elimu ya mwili ileile: sababu zilizojificha ni nyingi kuliko unazoziona. Mwaka 2002, Baraza la Fiqhi la Makka lilipojadili vipimo vya DNA, lilifuata mkondo huohuo, likakataa visitumike kuthibitisha makosa ya hudud, yaani yale ambayo dini imeyawekea adhabu maalumu.

Wakristo nao wana ugomvi wao wa zamani na jambo hili. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kina maji machungu aliyonyweshwa mke aliyeshukiwa, tumbo lake likivimba akawa na hatia. Ni kiapo cha mwili, cha jamaa moja na mwavi ulionyweshwa watuhumiwa kusini mwa Tanzania na Malawi. Lakini marabi wa Kiyahudi wenyewe walikikomesha katika karne ya kwanza, na Mishna inalitaja jina la Yohanan ben Zakai. Rafiki zake Ayubu walikaa siku na usiku wakisoma majipu yake kama hati ya mashtaka, na mwisho wa kitabu ni wao waliokemewa na Mungu, si mgonjwa. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona kipofu tangu kuzaliwa, wanauliza dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi. Wanapewa jibu linaloliondoa swali lenyewe.

Lipo pingamizi zito zaidi, na linatoka ndani ya imani. Qur'ani inasema Siku ya Kiyama vinywa vitafungwa, mikono itasema na miguu itashuhudia. Katika Surat Fussilat hata ngozi zinatoa ushahidi. Je, si dalili kwamba mwili ni shahidi? Ndiyo, ni shahidi, mbele ya Hakimu anayejua kila kilichotangulia kila ishara. Ushahidi ule una maana kwa sababu msikilizaji wake hahitaji kukisia. Mwenye kadi ya RPR, au kesho mwenye jedwali la maikroRNA, anakisia tu, hata akikisia vizuri. Kujipa nafasi ya kusikiliza ngozi za watu ni kujitwalia kiti kisicho cha binadamu.

Hilo halina maana kwamba ishara inyamazishwe. Sitara ina mpaka wake, na mpaka huo ni madhara kwa mwingine. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali isiyotibiwa, robo walizaa mtoto mfu. Kwa wasio na kaswende ilikuwa mmoja katika 100. Sindano moja ya penisilini ya benzathini iliondoa hatari hiyo. Mkoani humohumo, mwaka 1995, ilikuwa imeshaonekana kwamba kuimarisha tiba ya magonjwa haya kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Anayejua kwamba ameambukizwa na akanyamaza mbele ya mkewe au mumewe anamdhuru mtu asiye na kinga. Anawiwa kusema, kupima, kutibiwa pamoja. Wajibu huo unatazama mbele, kwa mtoto aliye tumboni na mirija isiyoziba bado. Hukumu inatazama nyuma, na nyuma ndiko ambako kipimo hakioni.

Kwa hiyo mengi yatategemea mambo yanayoonekana madogo. Karatasi ya majibu ya kipimo cha maikroRNA inaweza kuandikwa kwamba mirija ina uvimbe unaohitaji tiba, kwa sababu hicho ndicho kilichopimwa; au inaweza kuandikwa jina la ugonjwa wa ngono, kwa kukisia. Mume na mke wanaweza kupimwa asubuhi moja na kupewa majibu pamoja, asiwepo wa kwanza wala wa pili. Tanzania ina kamati ya taifa ya maadili ya utafiti chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na nchini Kenya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kamati yake ya maadili. Watafiti wakija na maombi ya kukusanya damu kwa ajili ya viashiria hivi, wajumbe wana haki ya kuwauliza fomu ya ridhaa inamwambia mwanamke nini kuhusu maana ya jibu chanya, nani mwingine atalisoma, na watamfanyia nini yule ambaye miR-155 yake imepanda kwa sababu ya magoti yanayouma.